Koti la Ngozi Lililonukia Udi

Mume wangu aliingia nalo saa kumi alasiri, jua likiwa bado linachoma mabati ya Keko, limekunjwa ndani ya gunia la katani. Alilitoa taratibu akalilaza kitandani, juu ya shuka niliyoifua asubuhi ile ile. Koti la ngozi. Refu la kumfika mtu kwenye muundi, na zito, Mungu wangu, ungedhani umebeba mtoto wa miaka mitatu. Kola yake pana ya kusimamisha hadi masikioni, vifungo safu mbili, mkanda wenye bizimu ya shaba. Rangi ya kahawia iliyokolea, mabegani imepauka kwa uzee. Ndani limewekwa bitana ya sufu nene kama blanketi. Niligusa mkono wake tu jasho likanitoka.

"La nani hili?" nikamuuliza.

"La mzee mmoja. Nalitengeneza."

"Mzee gani?"

"Mzee tu. Usiliguse, tafadhali."

Usiliguse! Ndani ya chumba changu, juu ya kitanda changu, shuka nimefua mie. Nilinyamaza, lakini wanaonijua wanajua kuwa mie nikinyamaza ndiyo hatari.

Niwaeleze tulivyokuwa. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na kila mtu akimtazama mwenzake kikapuni. Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Mume wangu alikuwa fundi wa kuvalisha viti katika karakana ya ushirika pale barabarani. Mafundi seremala wakimaliza fremu za makochi, yeye na wenzake wanazivika sponji na ngozi. Wote walikuwa na cherehani moja tu ya kushonea ngozi, na siku nyingi inaumwa. Kwao ni Njombe, kule juu kwenye baridi. Mie kwetu Kisarawe, nimezaliwa na joto na nitakufa nalo.

Tulikuwa na miaka sita kwenye ndoa na hatuna mtoto.

Hilo nalisema mapema kwa sababu bila hilo mtaniona mwendawazimu. Mwaka ule ule alikuja ndugu yake kutoka Njombe, akala wali wangu, akanawa, kisha akatoa salamu za mama mkwe: "Mama anauliza, huko mjini hata watoto nao ni wa foleni?" Wanaume wakacheka. Mume wangu naye alitabasamu, na tabasamu lile lilikaa kifuani kwangu miezi. Nilijua wanaume wa bara wanavyofanya. Anaaga kwenda kumwona mama, anakaa mwezi, anarudi, barua za kule zinaanza kumfuata, mwaka unaofuata unasikia kuna mwanamke kule ana mimba. Wapo waliotendwa hivyo pale pale mtaani kwetu, nami niliwapa pole kwa mdomo huku nikimshukuru Mungu kuwa si mie.

Sasa mtu wa Njombe analeta koti la baridi Keko. Ninyi mngewaza nini?

Jirani yangu wa chumba cha pili, shoga yangu wa kusukana, aliliona siku ya pili kupitia pazia. Akaingia bila hodi, akalizunguka.

"Shoga, hili si koti la huku."

"Anasema la mzee."

"Mzee gani wa Dar es Salaam anayevaa blanketi?" Akainama, akalinusa kwenye kola. Akanyooka taratibu, akanitazama. "Hebu nusa."

Nikanusa. Kwanza ngozi, kisha mafuta ya nyonyo aliyokuwa akilipaka mume wangu, na chini ya hayo yote, kwenye sufu ya bitana, udi. Udi mzuri, si ule wa kuokoteza sokoni.

Hapo mtu wa pwani haambiwi. Nguo ya mwanaume haijifukizi yenyewe. Udi unawekwa kwenye chetezo, nguo zinatandazwa juu ya tenga, na mikono inayofanya kazi hiyo ni mikono ya mwanamke anayemtaka huyo mvaaji anukie. Mie mwenyewe nilifundwa hivyo, na kanzu ya harusi ya mume wangu niliifukiza mie. Sasa kuna mwanamke gani aliyelifukiza koti hili, na kwa nini liko chumbani kwangu?

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema shoga yangu, akatoka.

Kuanzia siku hiyo nikawa askari. Mume wangu alilifanyia kazi asubuhi kabla hajaenda karakana, na jioni kabla ya magharibi, amekaa mlangoni kupata mwanga. Nami nilijitia kuchambua mchele, chembe moja moja, macho kwake. Upande wote wa kushoto, tangu kola mpaka kiunoni, pale ngozi inapokutana na bitana, uzi wa zamani ulikuwa umeoza. Aliufumua wote, akaanza kushona upya kwa mkono. Anachukua uzi wa kitani, anausugua kwenye kipande cha nta mpaka unang'aa. Anaupachika sindano mbili, moja kila ncha. Anatoboa ngozi kwa maharazi, ile sindano nene ya washona viatu yenye mpini wa mti, anapitisha sindano moja kutoka kulia, nyingine kutoka kushoto, zote ndani ya tundu lile lile, kisha anavuta mikono yote miwili kwa pamoja, kifua kinafunguka. Mshono mmoja. Anahesabu pumzi, anaendelea.

Hilo lingenipita, ni kazi yake. Kilichonichoma ni kile alichokuwa akikifanya kila baada ya mishono kumi. Anafumba macho. Anaweka kidole gumba upande wa kulia wa koti, upande ule wa zamani ambao haukuoza, anakiteremsha pole pole juu ya mishono. Kisha anarudi kushoto, anapapasa na huku. Midomo inacheza kama mtu anayesali. Loh! Miaka sita, hata mie hajapata kunipapasa namna ile.

Na alikuwa na furaha. Hili halikufichika. Alikuwa akipiga mluzi akioga. Siku moja akaniuliza, hivi hivi tu, chumba hiki kikiongezwa kingine kingetufaa? Nikamjibu, "Cha nani?" Akanitazama tu. Mnaona? Mtu anaongeza chumba ili amlete nani?

Alimaliza siku ya Ijumaa. Akalipangusa kwa kitambaa, akalikunja ndani ya lile gunia, akalifunga kwa kamba. "Kesho mchana nalirudisha," akasema. "Tutakwenda wote."

"Wote wapi?"

"Temeke. Utaona." Na akacheka, yeye asiyecheka ovyo.

Nilipata usingizi? Sikupata. Jumamosi asubuhi alikwenda karakana nusu siku, nami nikabaki na gunia. Nilifagia, nikadeki, nikafua, kila nikipita nalitazama, nalo ni kama linanitazama. Saa tatu nikafungua kamba.

Mifukoni hamna kitu. Nikalipapasa lote kama polisi. Kifuani, upande wa kushoto, nikasikia mchakacho. Karatasi! Nikabonyeza tena, ikachakacha tena. Karatasi ndani ya koti, kati ya ngozi na bitana, mahali pa moyo. Nikatazama mshono wa hapo, uzi mpya unang'aa nta. Upande wa kulia uzi ni wa zamani, mweusi. Nikajiambia, uzi mpya maana yake kitu kimefichwa juzi. Nilijiona nina akili kupita majaji wote wa mahakama kuu.

Nikachukua wembe.

Nilifumua shibiri moja na nusu. Uzi ule ulikuwa hautaki; kila mshono ulishika peke yake, ukikata mmoja wa pili haufunguki, nikakata mmoja mmoja nikitukana. Nikatia vidole ndani, nikavuta. Kweli ilikuwa karatasi. Gazeti. Gazeti kuukuu, la manjano, maandishi ya Kihindi, limekunjwa mara nne na kushikizwa kwa uzi mwembamba kwenye sufu. Nikapeleka mkono upande wa kulia, nikabonyeza, na huko kukachakacha vile vile. Ndipo nikakumbuka maneno ya madereva wa malori, kwamba huko juu wanavaa magazeti kifuani, maana upepo haupenyi karatasi. Aliyelishona koti hili alilishonea kinga ya upepo. Hakukuwa na barua, picha, wala jina la mwanamke.

Badala ya kupumua, nikaogopa. Saa nne inakaribia, mume wangu saa saba yuko mlangoni, na koti liko wazi kama samaki aliyepasuliwa.

Lakini mie nami ni mshonaji, msinidharau. Nimeshona kofia za mkono tangu sijavunja ungo, vile vishimo vidogo vidogo, na kofia zangu zilikuwa zikiulizwa mpaka Kariakoo. Uzi na nta yake aliviacha dirishani. Matundu yapo tayari kwenye ngozi, nitakosea nini? Nikachukua sindano moja, kama kofia. Nikaenda mbele tundu kwa tundu, kisha nikarudi nyuma kujaza nafasi. Nikavuta kwa mkono wangu wa kofia, mkazo, mshono ulale. Nilipomaliza nikalitazama mbali, nikalitazama karibu. Wallahi, sikuona tofauti. Nikakunja, nikafunga kamba kwa fundo lile lile, nikaoga, nikavaa khanga zangu mpya. Kama ananipeleka kwa mwanamke mwenzangu, basi anikute nimependeza, na nilikuwa na maneno tayari.

Saa saba akaja na mkokoteni wa kuazima.

"Mkokoteni wa nini?"

"Utaona, mke wangu."

Kwa gunia moja, mkokoteni! Nikawaza, amekwisha. Tunakwenda kuchukua vyombo vya mtu. Nilitembea nyuma yake kutoka Keko mpaka Temeke, nikiyapanga maneno yangu upya.

Tulisimama kwenye nyumba ya duka, milango imefungwa, ya wale Waarabu wa siku nyingi. Mume wangu akabisha hodi uani. Akatufungulia mzee mmoja mwembamba, kanzu nyeupe, miwani imefungwa uzi, vidole vya mikono yote vimekakamaa na vyeusi kuchani. "Shikamoo, mzee," nikasema, macho yangu yakipita begani kwake kumtafuta huyo mwanamke. "Marahaba, binti yangu, karibu kwako." Chumbani mlikuwa na masanduku yamefungwa kamba, mkeka, na chetezo kando ya sanduku. Udi ule ule.

Akaona ninavyokitazama. "Naufukizia ngozi, zisiliwe na wadudu," akasema. "Tangu marehemu mke wangu aondoke nafukiza mwenyewe."

Nikakaa chini.

Mzee akaanza kunieleza, taratibu, akidhani nafurahi. Alikuwa mshonaji wa ngozi maisha yake yote: matandiko ya punda, mikanda, viti vya magari. Koti lile alilishona mwenyewe ujanani, alipokuwa akiendesha gari la wazi kwenda Iringa, gari lisilo kioo wala mlango, upepo na vumbi vyote vyako. Sasa wanawe wamemwita Maskati na ataondoka baada ya siku chache. Katikati ya chumba kulikuwa na kitu kimefunikwa shuka. Akakifunua. Cherehani ya kushonea ngozi, kubwa, nyeusi, chuma kitupu, na pembeni mwake boksi la zana zake zote.

"Hivi siuzi," akasema. "Aliyenifundisha mimi hakuniuzia. Alinipa kazi yake bora, akaniambia fumua upande mmoja ushone. Akasema, nikifumba macho nikashindwa kujua upi wangu upi wako, zana ni zako. Nami nimemfanyia mumeo hivyo hivyo. Nimeona kazi yake kule barabarani. Nilimkataza asimwambie mtu, hata wewe, unisamehe, maana siku hizi watu wakijua unahama na una mashine ndani, hulali." Akamtazama mume wangu kwa mapenzi, kama anamtazama mwanawe. "Kaniambia akipata mashine yake, biashara ya kurudi kwao imekwisha. Atajenga huku huku, na wewe."

Ningeomba ardhi ipasuke, lakini ardhi ya Temeke ni mchanga, haipasuki. Nilitaka kuinuka, nilichukue lile gunia, nikimbie nalo. Mume wangu alikuwa ameshafungua kamba.

Mzee akavua miwani, akafumba macho. Kidole gumba chake kikaanza kulia, kikateremka. Kikahamia kushoto, kikaanza kwenye kola. Kinashuka, na uso wake unafunguka, anatikisa kichwa, "Mashallah, mashallah." Kikafika kifuani.

Kikasimama.

Kikarudi juu, kikashuka tena. Akafumbua macho, akavaa miwani, akalipeleka koti dirishani. Hapo penye mwanga hata mie niliona. Mishono ya juu na ya chini ilikuwa imeinama yote upande mmoja, sawasawa, kama mpunga uliopigwa na upepo. Yangu ilikuwa imelala chali. Na pale nilipovuta kwa mkono wa kofia, ngozi ilikuwa imeanza kuchanika kati ya tundu na tundu. Nguo ikikosewa utafumua ushone tena. Ngozi haina msamaha huo, jeraha lake linabaki.

"Hapa," mzee akasema, sauti imeshuka. "Nani ameshona hapa?"

Mume wangu akasogea, akatazama. Alitazama muda mfupi tu. Kisha akanitazama mie, na mie nikajua amejua. Alijua lini, wapi, kwa sindano gani. Mie ninayesifika mtaa mzima kwa mdomo, mie niliyekuja na maneno tayari, ulimi ukaniganda kwenye kaakaa. Neno moja tu lingetosha. Mie. Ni mie, mzee, yeye hana kosa.

"Ni mimi," akasema mume wangu.

"Wewe? Mkono ulioshona hapa juu?"

"Nilichoka, mzee."

Nadhani mzee hakuamini, lakini mtu mzima haendi kumvua nguo mtu mzima mwenzake mbele ya mkewe. Akalikunja koti. "Fundi anayechoka katikati ya mshono halafu akaficha," akasema, "mashine itamponza. Ngoja wakati wako, mwanangu." Akafunika cherehani kwa shuka. Akatukaribisha kahawa, tukanywa, na sijapata kunywa kitu kichungu kama kile.

Tulirudi na mkokoteni mtupu. Yeye anasukuma, mie nyuma. Nilingoja anitukane, anipige hata, watu watuone. Karibu na Chang'ombe akasimama, akajifuta uso kwa kiganja.

"Ulichokuwa unatafuta," akaniuliza, "ulikipata?"

"Hapana."

"Haya."

Akasukuma. Hakuliongelea tena, si siku ile, si maisha yake yote. Alibaki kwenye karakana ile akingoja zamu ya cherehani inayoumwa, na jina la yule mzee halikutajwa nyumbani kwetu.

Lakini Jumatatu aliporudi kutoka kazini, kabla hajanawa, alisimama mezani. Akatoa mfukoni mabaki ya uzi, chaki, senti tatu nne, leso, ufunguo. Akavipanga mezani mbele yangu. Kisha akapindua mifuko yenyewe nje ikaning'inia kama masikio ya mbuzi, mmoja, wa pili, na wa shati. Akangoja kidogo. Akavirudisha, akaenda kunawa, akala.

Nilidhani ni hasira, itapoa wiki ile. Jumanne akafanya tena. Hakufanya kwa ukali, hakunikejeli. Alifanya kama mtu anayevua viatu mlangoni. Watoto, Mungu alitupa wawili baadaye, walikua wakiona ndiyo desturi ya baba. Yule mkubwa alikuwa akiichukua chaki akachoree sakafuni. Miaka ikapita, ujamaa ukapita, karakana ikafungwa, nywele zake zikawa nyeupe, na kila jioni alisimama mezani akapindua mifuko.

Kila jioni nilijiambia, leo nitamwambia, mume wangu, acha, nimekukosea, nisamehe. Sikumwambia. Watu husema ni aibu, nami nilipenda iwe aibu. Lakini nimeshamzika, na sasa nasema kweli. Nilishindwa kumwambia aache kwa sababu kila jioni, kabla sijafungua mdomo, macho yangu yalikuwa yameshapita juu ya meza ile, kitu kimoja kimoja, yakitafuta.